Chungu cha Mashahidi

Watu wakisimulia habari zangu huanzia gerezani. "Yule fundi cherehani aliyefungwa." Basi, imekwisha, kama vile nilizaliwa siku ile hakimu alipofunga faili. Hakuna anayeuliza nilifungwa kwa kosa gani, wala nani alikuwa amevaa nini siku hiyo. Mimi nitaanzia kwenye blanketi. Asiyetaka habari za blanketi ana ruhusa ya kwenda zake.

Kwetu ni Nyakitonto. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na cherehani yangu Kasulu mjini, barazani kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza vitenge, chumvi na betri za redio. Nilishona sare za shule, magauni ya komunyo, na kupanua suruali za wanaume waliokuwa wakinenepa. Kisha vita vya Burundi vikamwaga watu upande wetu, makambi yakaota porini, na vitu vya bure vikawa vingi kuliko vya kununua. Madebe ya mafuta ya kula, maturubai ya bluu, magunia ya unga yenye maandishi ya Kizungu, mablanketi ya kijivu.

Mama wa kambini anakuja mjini na blanketi kichwani. Alipewa manne akiwa na watoto wanne, wawili wamekufa, na chumvi hana. Unampa chumvi na ndizi, yeye anakuachia blanketi. Hebu niambieni, mwizi hapo ni nani? Na kila mtu alinunua. Walimu, manesi, wakulima, wa kanisani na wa msikitini. Ukipita asubuhi nyumbani kwa watu unakuta muhogo umeanikwa juu ya turubai la bluu, na hakuna aliyeona haya kulianika.

Na baridi yetu ya mwezi wa saba asikwambie mtu. Ndipo wateja wakaanza kuniletea yale mablanketi. "Dada fundi, nikatie koti." Nikakata. Blanketi moja linatoa koti la mtu mzima na kikoti cha mtoto, ukijua kupanga vipande. Kwa ndani, upande wa kushoto, niliweka mfuko mmoja mrefu wa gunia la unga, kwa kuwa gunia lile halichaniki kirahisi. Maandishi yakitokea kichwa chini, shauri yake, nani atayaona? Uzi nilitumia wa kijani uliobaki kwenye sare za shule. Makoti yangu yalipendwa sana. Wachuuzi waliyachukua kwa jumla wakayapeleka mpaka kwenye masoko ya Kibondo.

Siku moja ya soko askari wakaja barazani. Wakakuta makoti kumi na moja na mablanketi manne ambayo sikuwa nimeyakata. Kosa: kupatikana na mali inayosadikiwa kuwa ya wizi. Sisemi sheria haikuwepo. Ilikuwepo, na tangazo la kukataza mali ya kambi lilibandikwa, na mimi kusoma najua. Lakini sheria hiyo ilipita mtaa mzima uliovaa kijivu, ikaja kuketi kwangu peke yangu.

Mahakamani niliulizwa mablanketi yale manne ni ya nani. Nilijua ni ya nani. Moja la mke wa mwalimu, mawili ya nesi, moja la mama aliyetaka kumfunika mtoto mchanga. Lakini fundi hamtaji mteja wake. Hata kipimo cha kiuno cha mtu hukisemi nje, sembuse kumtaja mbele ya hakimu. Nikanyamaza nikijua watasimama wenyewe, kwa sababu wawili wao walikuwemo mle ndani, benchi la nyuma kabisa. Nikageuka kuwatazama. Mke wa mwalimu akatazama dari. Nesi akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Nikapewa miezi tisa, muda wa kubeba mimba. Mume wangu hakungoja hata nusu yake, akaoa. Kaka yangu kule Nyakitonto akaniletea salamu gerezani kwamba kile kipande changu cha shamba la baba amekipanda kahawa, na kahawa, kama ninavyojua, haing'olewi ovyo. Asante, kaka.

Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa yule mzee wa duka, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Akaniangalia, akasema, "Pole, mwanangu. Mashine yako iko stoo. Kila Ijumaa naitia mafuta isishike kutu." Nililia pale pale katikati ya magunia ya chumvi, nikalia kwa sauti, na yeye akaenda zake mbele kuuza ili nisione haya. Mtu yule Mungu anamjua.

Lakini wateja, jamani! Walirudi, kwa kuwa hawakupata mkono kama wangu, ila walirudi wakihesabu. Mtu analeta kitenge, anakipima mbele yangu kwa mikono yake kabla hajaniachia, na akija kuchukua gauni anataka kuoneshwa vipande vilivyobaki. Mmoja alihesabu vifungo. Vifungo sita vya plastiki! Na unajua alikuwa nani? Mke wa mwalimu, yule yule. Nikamwambia, "Mama, ukipenda nitakufumbulia na mdomo, uhesabu na meno, labda yako yamo humu." Hakurudi tena, na potelea mbali.

Nikaona Kasulu pananinyonga. Nikafunga mashine kwa kamba, nikawa nazunguka nayo kwenye masoko ya Kibondo, juu ya malori ya mahindi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miaka mitatu nilishonea kwenye vibaraza vya watu na kulala katika vyumba vya watu, nikila kidogo na kuweka akiba. Nilitaka kitu kimoja tu, na nitakisema wazi. Gerezani mlango hufungwa na mtu mwingine, kwa nje. Kwenye chumba cha kupanga mwenye nyumba ana ufunguo wa pili, na akisikia umewahi kufungwa anautumia. Nilishakuta sanduku langu limepekuliwa mara mbili. Mimi nilitaka mlango ninaoufunga mwenyewe, kwa ndani, halafu nikae.

Nikaupata Kumsenga, kijiji cha huko huko Kibondo. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, Mrundi aliyeingia nchini zamani, kabla ya makambi haya, akaolewa na Muha na kuzeekea hapo. Miguu ilikuwa imemkataa, na binti yake alitaka kumchukua wakaishi wote Kasulu. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati lenye kutu upande mmoja, migomba nyuma, ua wa minyaa kuizunguka. Mlango wa mninga, wenye komeo la chuma. Nililijaribu lile komeo kabla hata sijatazama vyumba.

Nilimwambia siku ya kwanza, "Bibi, kabla hujanitajia bei, ujue mimi nimewahi kufungwa."

Akacheka, jino moja likaonekana. "Kufungwa si ni kukaa mahali pamoja? Mimi nimekimbia maisha yangu yote, mwanangu. Nilitamani sana kukaa mahali pamoja."

Tukaelewana. Lakini kule kwetu nyumba hainunuliwi kwa karatasi peke yake. Muuzaji anapika pombe kwa ndizi za shamba lile lile linalouzwa, chungu kinawekwa uani, na majirani wa pande zote nne wanakuja kunywa pamoja na muuzaji na mnunuzi. Mrija ni mmoja. Unatoka mdomo hadi mdomo, na aliyeunyonya ameshuhudia mpaka wake na amekupokea. Karatasi inaliwa na panya, walisema wazee, lakini waliokunywa wanakumbuka. Jirani mmoja asipokunywa, upande wake hauna shahidi. Akiamka kesho akasema minyaa imesogezwa, hakuna wa kumpinga. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji hakuwa akipiga mhuri kabla mrija haujazunguka wote.

Siku ikafika. Mrija ukatoka kwa bibi ukaja kwangu, ukaenda kwa mwenyekiti, ukawapitia majirani watatu. Wa nne, jirani wa upande wa chini, alikuwa katekista. Mzee wa heshima, mwenye sauti ya taratibu, ndiye aliyezika watu padri alipochelewa. Mrija ulipomfikia akainua kiganja.

"Mnisamehe," alisema. "Kununua, anunue. Ila mdomo wangu na mdomo uliotoka jela haitakutana kwenye mrija mmoja."

"Katekista," mwenyekiti alisema, "amemaliza kifungo chake."

"Kifungo kinaisha. Wizi hauishi."

Loo! Damu ilinipanda kichwani nikasikia masikio yanavuma. Nilitaka kusema maneno ambayo hata gerezani nilikuwa sijayasema. Bibi akanishika goti, akalibana kwa nguvu nisizozitarajia kwa mtu wa miguu ile. Mwenyekiti akafunga daftari lake, akatia mhuri mfukoni, na watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Pombe iliyobaki ikachacha chunguni.

Chungu huruhusiwa kurudiwa mara moja. Kikikataliwa mara ya pili, biashara imekufa, muuzaji anarudisha alichopokea na mnunuzi anatafuta kijiji kingine. Bibi akakata mikungu mingine, akaifukia shimoni iive, nami nikawa nangoja kwenye chumba cha kupanga karibu na soko. Njia ya kwenda kisimani ilipita kwa katekista. Kila asubuhi nilipita na ndoo, na kila asubuhi niliyaona maharage yake yameanikwa uani. Yameanikwa juu ya nini? Juu ya turubai la bluu la kambini, jipya, kubwa kuliko nyumba. Nilikuwa nasimama hapo na ndoo yangu nikijisemea, nyani haoni kundule, kisha nakwenda zangu. Ningesema, angeniambia mwizi huwaza wizi.

Siku chache kabla ya chungu cha pili mwenyekiti akanijia akitabasamu. Katekista amekubali, alisema. Atakuja na atakunywa. Ila atakuja na mrija wake mwenyewe kutoka nyumbani.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mrija wake mwenyewe?"

"Chungu ni kile kile, mama. Pombe ni ile ile. Kubali yaishe."

Mrija wake mwenyewe! Kwetu mgonjwa wa kifua kikuu ndiye anayepewa mrija wake peke yake. Nami ningekaa pale mbele ya majirani nitakaoishi nao mpaka kufa, nikitazama mtu akijikinga na mate yangu, halafu nipewe mhuri niseme asante. Kila mtoto wa Kumsenga angejua kwamba ile nyumba yenye mlango wa mninga ina mtu ambaye watu hawanywi naye mrija mmoja. Nilimwambia mwenyekiti siwezi.

"Mama," alisema, na tabasamu limekwisha, "unataka nyumba au unataka heshima?"

"Kwani nyumba ni nini, mwenyekiti?"

Wote waliniambia nikubali. Mwenye chumba alinisihi, nadhani alitaka niondoke. Hata bibi alisema, "Mwanangu, nimekunywa maji ya tope kwa kiganja nikaishi. Mrija ni jani tu." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilikuwa na hasira mpaka nilishona mkono wa kulia wa gauni la mtu upande wa kushoto, ikabidi nifumue.

Siku ya chungu cha pili ilikuwa mwezi wa saba, ukungu haujainuka, upepo unakata masikio. Tuliketi uani kwa bibi kama mara ya kwanza. Mrija ukazunguka. Nilipokwisha kunywa niliufuata kwa macho, mwenyekiti, jirani wa kwanza, wa pili, wa tatu, na moyo unapiga kama cherehani isiyo na mafuta. Nilikuwa nimeamua. Akiutoa wake, ninasimama, ninamwambia bibi anisamehe, na ninarudi kuzunguka na malori.

Ukafika kwa katekista. Akaupitisha pembeni kwa vidole viwili. Kisha akafungua koti lake kuchukua wa kwake.

Koti la kijivu. Lilikuwa limechakaa, kola imefumuka, wala nisingelitambua. Lakini alipolifungua upande wa kushoto niliona mfuko mrefu wa gunia, herufi za Kizungu za bluu zimesimama kichwa chini, na ukingoni uzi wa kijani. Mrija wake ulikuwa humo ndani, mfukoni mwangu.

Nikasimama, lakini sikuondoka.

"Katekista," nilisema, "koti hilo umelinunua wapi?"

"Sokoni," alisema. "Linahusu nini?"

"Siku nyingi?"

"Miaka mitano, sita. Kwa mchuuzi wa Kasulu. Mama, kaa chini tumalize."

"Nionyeshe huo mfuko wa ndani."

Hakutaka, lakini jirani wa tatu aliyekaa karibu naye alikwisha kulivuta pindo la koti atazame. Nikasema bila kusogea nilipokuwa, "Hapo chini ya mfuko uzi umerudiwa mara tatu, kwa sababu wanaume mnatia misumari mfukoni. Kwenye kwapa la kulia kuna kiraka cha pembe tatu, makoti yangu yote niliyaweka hivyo, blanketi huwa fupi. Angalieni kama kipo."

Wakaangalia. Kilikuwepo.

"Hilo ni blanketi la kambi," nilisema, na sauti yangu haikuwa ya taratibu, ilisikika mpaka barabarani. "Nimelikata mimi, nimelishona mimi. Kwa makoti kama hilo nilifungwa miezi tisa, nikapoteza mume na shamba. Wewe umelivaa miaka sita, umeshika nalo Biblia, umezika nalo watu! Sikukatazi. Ndiyo kazi ya koti. Lakini kama mdomo wangu ni mchafu, mgongo wako je? Haya, katekista. Ama unakunywa kwa mrija wa wote, ama unavua koti langu sasa hivi unaondoka na shati."

Upepo ukapita kwenye migomba. Katekista alikuwa ameshika mapindo ya koti kwa mikono miwili, ameyakutanisha kifuani, kama mtu anayeogopa kweli atavuliwa. Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikampanda, akasema kwa Kiha kwamba baridi haina dini, na jirani wa tatu akacheka, na mwenyekiti akajifanya anapenga kamasi. Mimi sikucheka.

Katekista akautazama mrija wake, akautupa nyuma ya kigoda. Akachukua ule mwingine. Alinyonya kidogo, amefumba macho kama anayemeza kwinini, akaupitisha. Hakuniomba radhi siku ile na hajaniomba mpaka leo. Mwenyekiti akafungua daftari, akaandika, akaupulizia mhuri pumzi ya moto na kuugonga mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza wino haukushika.

Bibi aliondoka mchana ule ule na lori alilotumiwa na binti yake. Lilipopinda kona niliingia ndani, nikasukuma komeo kwa mkono wangu, jua likiwa bado kali nje. Nikaketi sakafuni. Watu walikuja kubisha hodi kunipongeza, nikawasikia, sikufungua. Nilikaa mpaka nikachoka kukaa, kisha nikalifungua komeo mwenyewe.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, mke wa katekista alikuja na lile koti limekunjwa kapuni. Bega limeachia, alisema, na hapa fundi ni wewe tu. Nilimrudishia kapu lake kwa upole. "Mama, mwambie alilete mwenyewe. Bega halishonwi bila kumpima mtu."

Siku tatu hakuja. Siku ya nne ukungu ulikuwa mzito, akapiga hodi akiwa upande wa pili wa minyaa. Nikamwambia karibu. Akasema atanipa tu kwa juu ya ua. Nikamwambia mlango ndio huu. Akaingia, akainama kidogo ingawa mlango si mfupi, akaketi kwenye kigoda nilichomwonesha. Alivua koti akanipa, akabaki na shati.

Upepo ulikuwa unaingia. Nikaenda nikafunga mlango, nikasukuma komeo. Chuma kikalia, na nilimwona ameshtuka, macho yamekwenda kwenye komeo na kubaki hapo.

"Usiogope, katekista," nilisema. "Ni baridi tu. Mwenye kufungua nipo."

Kisha nikakaa kwenye mashine, nikatafuta uzi wa kijani, nikautia sindanoni. Sikuharakisha.